Usingizi wa Mzazi Mpya Nao Ni Haki ya Mfanyakazi



Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mishahara, mizani ya majani, viatu vya kazi na malipo ya ovataimu. Leo tunaleta mbele yenu jambo ambalo mara chache huandikwa katika ajenda ya mkutano wa tawi, ijapokuwa limo katika kila laini ya kambi zetu. Jambo lenyewe ni usingizi wa wazazi wenye watoto wachanga.

Tunajua wapo watakaocheka. Watasema kwamba tangu zamani watoto hulia usiku, na mama zetu walitulea bila kudai chochote kwa mtu. Ni kweli walitulea. Lakini walitulea wakiwa kwao, miongoni mwa jamaa. Mwanamke alipojifungua, mama yake au shangazi yake alikuja kukaa naye, huyu akipika, yule akibeba mtoto, mwingine akichota maji. Shamba lilikuwa lao wenyewe, na jembe lilikubali kungoja. Hapakuwa na king'ora cha alfajiri wala mnyapara mwenye daftari.

Katika kambi za chai na miwa hapa Uganda hali ni nyingine. Wengi wetu tumetoka mbali: West Nile, Kigezi, Busoga, na wengine ni watoto wa watu waliokuja kutoka Rwanda na Burundi kutafuta kazi. Ndiyo maana tunaelewana kwa Kiswahili. Bibi wa mtoto yuko mwendo wa siku nzima kwa basi. Mzazi yuko na mumewe, au yuko peke yake, katika chumba kimoja chenye bati juu, na asubuhi kazi inamngoja. Walisema wazee kwamba mkono mmoja haulei mwana. Sisi tunaona watu wengi mno wanaolazimishwa kulea kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika panga la kukatia miwa.

Hoja yetu ni hii. Mzazi mpya hakosi usingizi kwa sababu ya mtoto peke yake. Sehemu moja huletwa na mtoto, na sehemu nyingine huletwa na saa za kazi, mpango wa zamu, na desturi ya kumwachia mama kila kitu. Ile ya kwanza haiwezi kuondolewa, ila inaweza kupunguzwa nyumbani, baba na mama wakisaidiana. Ile ya pili imewekwa na watu, na watu wanaweza kuiondoa, kwa mazungumzo na kwa mkataba wa pamoja.

Hesabu ya usiku mmoja

Tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye mizani. Chukueni mfano wa mama mchumaji wa chai ambaye mtoto wake ana miezi mitatu. Amemaliza kupika, kuosha vyombo na kufua nepi, akalala saa 4 usiku. Lazima aamke saa 10 na nusu alfajiri ili achote maji, apike uji na kufika shambani mapema. Hizo ni saa 6 na nusu. Mtoto ameamka mara tatu, na kila mara imemchukua mama dakika 40 kumnyonyesha, kumbadilisha na kumbembeleza. Hizo ni saa 2. Zimebaki saa 4 na nusu, nazo zimekatwa vipande vinne. Mwili wa mtu mzima unahitaji saa 7 au zaidi, tena za mfululizo. Kwa hiyo kila usiku mama huyu anapungukiwa na saa zisizopungua 2 na nusu. Kwa siku sita za kazi ni saa 15, yaani usiku mizima miwili imepotea katika kila wiki moja.

Sasa nani analipa saa hizo? Mchumaji hulipwa kwa kilo. Mikono ikiwa mizito, kilo hupungua, na karani wa mizani haandiki sababu. Anaandika kilo tu. Kwa hiyo usiku ule mama anaulipa yeye mwenyewe mwisho wa mwezi. Mkata miwa anayelipwa kwa kipande naye ni vivyo hivyo: kazi aliyoimaliza saa 6 mchana, sasa anaimaliza saa 9 alasiri, juani, akiwa hajala.

Tena si fedha tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 mfululizo hufanya kazi kwa uzembe na uzito kama mtu mwenye pombe mwilini ya kiwango cha asilimia 0.05, kiwango ambacho nchi nyingi zimewakataza madereva kukipita. Yule mama tuliyemtaja, aliyeamka saa 10 na nusu alfajiri na kulala saa 4 usiku, amekaa macho saa 17 na nusu kila siku, na hajaonja hata tone la pombe. Mumewe akiwa dereva wa trekta, au mlisha mashine za kukamulia miwa, au mtu wa boila, na naye amekesha, basi hatari ile imeingia kiwandani kupitia lango kuu. Kampuni humsimamisha kazi mfanyakazi aliyekuja amelewa. Kwa nini hakuna anayemwuliza aliyekuja hajalala?

Kwa nini mtoto huamka

Yafaa tuelewe kwanza kwamba mtoto kuamka usiku si ugonjwa, wala si tabia mbaya ya mama, wala si jicho la jirani. Mtoto aliyezaliwa karibuni hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini hulala kwa vipande vya saa mbili, tatu au nne. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama huyeyuka upesi, kwa hiyo njaa humrudia upesi. Tena mwili wake haujajua usiku na mchana. Huanza kuvitofautisha akiwa na miezi miwili au mitatu hivi. Na kunyonya usiku kuna faida yake, kwa maana kemikali ya mwili inayoagiza maziwa yatengenezwe huwa nyingi zaidi usiku.

Watoto wengi huanza kulala kwa muda mrefu zaidi kati ya miezi mitatu na sita, ijapokuwa wapo wengi wanaoamka hata wakiwa na mwaka mmoja. Tunasema haya ili kila mmoja aone kwamba jambo hili lina muda wake. Hatudai kitu cha maisha yote. Tunadai miezi michache ya msaada, katika wakati ambao kila binadamu aliye hai alihitaji mtu akeshe kwa ajili yake.

Zamu za usiku

Viwanda vyetu havilali, na tunajua sababu yake. Majani ya chai yaliyochumwa mchana hutandazwa na kupuliziwa hewa yanyauke kwa saa nyingi, kisha husagwa na kukaushwa. Kwa hiyo kazi nyingi ya kiwanda cha chai huangukia usiku. Miwa nayo ikishakatwa hupoteza sukari kila saa inayopita, hivyo mashine hukamua usiku na mchana. Hatusemi viwanda vizimwe. Tunasema mpango wa zamu utengenezwe na watu wanaojua kwamba mfanyakazi ana nyumba.

Tazameni hali ya baba anayetoka zamu ya usiku saa 1 asubuhi. Anafika chumbani, mtoto ndiyo kwanza ameamka. Saa 5 bati limepata moto, na nje watoto wa laini nzima wanacheza. Huyu hapati usingizi wa mchana, na jioni anarudi kwenye mashine. Wiki ijayo amebadilishiwa zamu, na mwili uliokuwa umeanza kuzoea unaanza upya. Mkewe naye amekuwa peke yake na mtoto usiku kucha, siku sita. Katika nyumba hiyo watu wawili wanafanya kazi ya watu wanne, na mwenye kiwanda analipa mmoja.

Tunayoweza kuyafanya nyumbani

Kabla hatujakwenda kwa mwajiri, tuanze na mambo yasiyohitaji ruhusa ya mtu.

La kwanza, usiku ugawanywe zamu mbili. Sisi wafanyakazi tunajua zamu ni nini, basi tuitumie nyumbani. Tangu saa 2 hadi saa 7 usiku, zamu ni ya baba; tangu saa 7 hadi alfajiri, zamu ni ya mama. Ni kweli baba hana maziwa, lakini kunyonyesha ni sehemu moja tu ya kazi. Baba anaweza kumwinua mtoto, kumpeleka kwa mama anyonye pale pale alipolala, kisha akamchukua, akamcheulisha, akambadilisha nepi na kumbembeleza mpaka alale. Mama akipata saa tatu au nne za mfululizo, atakuwa mtu mwingine kabisa kuliko akipata saa sita za vipande vipande.

La pili, kazi za alfajiri. Baba akichota maji na kuwasha moto, mama anaongeza saa moja ya usingizi. Wapo wanaume wanaoona haya kuonekana na dumu bombani. Tunawauliza: mwenye kuona haya na mwenye kuanguka kwa uchovu kwenye mteremko wa chai, ni nani mwenye shida kubwa? Mwanamume anayesimama katika mkutano na kudai usawa na mwajiri, hawezi kukaa kitini nyumbani akingoja maji ya kuoga.

La tatu, mama alale mapema pamoja na mtoto, hata saa 2 usiku, na vyombo vingoje. Usiku taa iwe hafifu, maneno yawe machache, mtoto asichezeshwe. Mchana afunguliwe mlango, apate mwanga na sauti za watu. Hivyo ndivyo anavyojifunza polepole kwamba usiku ni wa kulala.

La nne, mama anaweza kukamua maziwa kwa mkono katika kikombe safi chenye kifuniko na kuyaweka mahali pa baridi katika nyumba. Yasikae zaidi ya saa nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwani chupa ni ngumu kusafisha. Kwa njia hiyo baba au jirani anaweza kumlisha mara moja, na mama akalala.

La tano, majirani wa laini wasaidiane. Mama wanne wenye watoto wachanga wanaweza kupangana Jumapili, kila mmoja kwa zamu yake akiangalia watoto kwa saa mbili mchana, wenzake walale. Hii nayo ni kazi ya umoja kama nyingine.

Sasa maonyo. Mtoto asipewe dawa ya kikohozi au ya mafua ili alale, wala asionjeshwe pombe. Dawa zile humlegeza mtoto mpaka anashindwa kupumua vema. Kabla ya miezi sita asipewe maji wala uji kwa kudhani utamshibisha alale. Maziwa ya mama yanatosha. Mtoto alazwe chali, ndani ya chandarua, pasipo mto wala blanketi zito karibu na uso wake. Mtu aliyekunywa asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Mtu aliyechoka sana asikae kitini na mtoto kifuani, kwa maana usingizi humwiba, na mtoto anaweza kubanwa akakosa pumzi. Jiko la makaa lisiingizwe ndani ya chumba cha kulala hata kama kuna baridi, kwani moshi wake usioonekana huua nyumba nzima.

Mtoto wa chini ya miezi miwili akipata homa, apelekwe zahanati saa ile ile, hata kama ni usiku. Na mama ambaye hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, ambaye huzuni imemkalia zaidi ya wiki mbili, au anayejiona hana thamani, huyo ni mgonjwa anayetibika. Apelekwe hospitali, asiambiwe ni mvivu. Kama anasema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja.

Sheria inasema nini

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na kati ya hizo wiki zisizopungua nne ziwe baada ya kujifungua. Iliweka pia kwamba mama ana haki ya kurudi kwenye kazi yake, au kazi nyingine inayofaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Baba naye akapewa siku 4 za kazi kwa mshahara kamili, mara tu mkewe anapojifungua. Wanawake watoe taarifa mapema, angalau siku 7 kabla ya likizo, na wahifadhi nakala yake.

Siku 60 kwa wiki ya siku sita za kazi ni wiki 10. Mama akirudi, mtoto ana miezi miwili na ushee, yaani wakati ule ule ambao bado hajajua usiku. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 ulitaka likizo isiyopungua wiki 14. Na tukumbuke kwamba Mkataba namba 3 wa shirika hilo, wa mwaka 1919, tayari ulisema mama anayenyonyesha aruhusiwe nusu saa mara mbili kila siku katika saa za kazi. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado wako wanyapara wanaolifanya jambo hilo kuwa hisani yao.

Tutazame kwa majirani. Tanzania, kwa sheria yake ya mwaka 2004, iliweka siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 kwa aliyezaa watoto zaidi ya mmoja; iliagiza anayenyonyesha apewe hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi; tena ikazuia mama kupangwa kazi ya usiku katika miezi miwili baada ya kujifungua. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, iliweka miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Kongo, katika sheria yake ya kazi ya mwaka 2002, iliweka wiki 14. Rwanda ilifikisha wiki 14 mwaka 2023, na tangu mwaka 2016 ilikuwa imeanzisha mfuko ambamo mfanyakazi na mwajiri kila mmoja huchangia asilimia 0.3 ya mshahara, ili mzigo wa likizo usimwangukie mwajiri mmoja. Baadhi ya majirani hawa si matajiri kuliko sisi. Wana chai na miwa kama sisi.

Lakini sheria nzuri haimfikii mtu ambaye jina lake halimo katika daftari. Wengi wa wanawake wetu huajiriwa kwa lejaleja, mwezi baada ya mwezi, na tumbo likionekana hawaitwi tena. Hao wajue kwamba kanuni za ajira za mwaka 2011 ziliweka kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi minne hahesabiwi tena kuwa kibarua, naye anastahili mkataba wa maandishi. Kila mwakilishi wa wafanyakazi aifanye hii kuwa kazi yake ya kwanza, kwa sababu asiye na mkataba hana likizo, na asiye na likizo hana usingizi.

Tunayoyadai mezani

Sheria ni sakafu ya kusimamia. Mkataba wa pamoja unaweza kupanda juu ya hapo. Tunapendekeza kila tawi lipeleke mambo haya katika mazungumzo yajayo:

1. Mama mwenye mtoto wa chini ya miezi sita asipangwe zamu ya usiku asipotaka, na asipunguziwe mshahara kwa sababu hiyo. Baba mwenye mtoto wa umri huo apewe nafasi ya kuchagua zamu.

2. Katika wiki nne za kwanza baada ya likizo, kipande cha mama kipunguzwe kwa robo pasipo kupunguza malipo, au aanze kazi saa moja baadaye.

3. Nusu saa mbili za kunyonyesha kila siku, zilipwe, na mahali pa kunyonyeshea pawe karibu na shamba, si mwendo wa nusu saa.

4. Kila kambi iwe na nyumba ya kulelea watoto wachanga yenye mlezi anayelipwa, maji safi na kivuli. Leo watoto wengi huachiwa dada yao wa miaka minane, naye hukosa shule. Usingizi wa mama usinunuliwe kwa masomo ya binti.

5. Wazazi wapya wasibadilishiwe zamu kila wiki, na ratiba itangazwe wiki mbili mbele.

6. Mfanyakazi anayeendesha trekta au mashine ya hatari akisema hajalala, ahamishwe kazi kwa siku hiyo pasipo adhabu.

7. Likizo ya baba iongezwe kutoka siku 4 hadi wiki mbili.

Tunajua kampuni itajibu nini. Itasema gharama ni kubwa. Lakini katika kundi la wafanyakazi mia moja, ni wangapi wana mtoto wa chini ya miezi sita kwa wakati mmoja? Ni wachache. Mwakilishi achukue daftari, awahesabu kwa mwezi mmoja, aandike na saa zao za kazi, kisha aende mezani na namba zake mwenyewe. Mwajiri huogopa namba kuliko kelele. Na aulize pia: mashine ikisimama usiku kwa sababu mkono wa mtu umeingia ndani yake, gharama yake ni kiasi gani? Mchumaji hodari akiacha kazi kwa uchovu, ni miezi mingapi kabla mpya hajafikia kilo zake?

Itasema pia kwamba mambo ya chumbani si ya chama. Sisi tunasema kampuni ndiyo iliyojenga chumba chenyewe, ndiyo inayopiga king'ora, na ndiyo inayopanga nani awe nyumbani usiku na nani asiwe. Imekwisha kuingia chumbani zamani. Sisi tunaifuata humo ili tuelewane.

Tena jambo hili si geni katika harakati za wafanyakazi. Wale waliogoma Marekani mwezi wa Mei mwaka 1886, ambao kwa ajili yao tunaadhimisha Mei Mosi, walidai siku igawanywe sehemu tatu: saa nane za kazi, saa nane za mapumziko, na saa nane za kufanya wapendavyo. Mwaka 1919 saa nane zikaandikwa katika Mkataba namba 1 wa Shirika la Kazi Duniani. Kwa hiyo usingizi ulikuwa dai la wafanyakazi tangu mwanzo. Ila hesabu ile ilifanywa kana kwamba mfanyakazi akitoka kazini hana mtoto wa kumbembeleza, au ana mtu mwingine wa kumfanyia kazi hiyo bure. Kwa mama mchumaji, sehemu ya mapumziko haijafika bado.

Basi tunawaomba wanachama wote, wanaume kwa wanawake, waliolea zamani na wasiozaa bado, walete jambo hili katika mkutano wa tawi unaokuja. Akina mama waseme wenyewe, wasisemewe; na mkutano uwekwe saa ambayo wanaweza kuja na watoto wao. Wanaume waanze zamu ya nyumbani usiku wa leo, wasingoje mkataba. Na wawakilishi wafungue daftari kesho asubuhi.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na kama kulea ni kazi, basi ina haki ya kupata mapumziko kama kazi nyingine yoyote.

Umoja ni nguvu.